Dokta wetu wa Mwanga na daftari la madeni

Watu wa Kigoma wa umri wangu ukiwatajia tu "Dokta" hawakuulizi dokta yupi. Hospitali zipo, madaktari wapo na wazuri tu, ila ukisema Dokta hivohivo bila jina mtu anajua unamsema yule mzee wa zahanati ya Mwanga, lile jengo la bati lenye mwembe mbele na benchi refu la mninga lililong'aa kwa kukaliwa. Tumemzika Ujiji baada ya swala ya Alasiri, na toka siku ile nina kitu kifuani nataka nikitoe, manake pale matangani kila mtu alikuwa anasimulia alivyotibiwa bure, mara mimi nilitibiwa bure mara mama yangu alitibiwa bure, na ni kweli kabisa, ila hawajui ile bure ilianzia wapi. Mi najua. Ilianzia kwangu na haikuanza vizuri.

Nilimaliza form four 1998, matokeo yakatoka ya kukatisha tamaa, baba yangu alikuwa mvuvi pale Kibirizi na hakutaka niingie ziwani manake mdogo wake ziwa lilishamchukua. Akanishika mkono hadi kwa Dokta. Akamwambia Dokta huyu kijana hana cheti cha maana ila ana mwandiko. Dokta hakuuliza maksi, akanipa karatasi na kalamu, akasema andika jina lako, jina la mama yako, na unapokaa. Nikaandika. Akaisoma muda mrefu kuliko nilivotegemea afu akaniuliza, "Umeandika Kibirizi. Kibirizi wapi? Nikitaka kuja kwenu saa nane usiku nafikaje?" Nikamweleza kwa mdomo, unapita mwalo, unapandisha, nyumba ya pili baada ya mashine ya kusaga. Akasema basi hiyo ndo uandike. Kesho njoo saa moja.

Ndo nikawa karani wa dirishani. Wakati ule mapokezi palikuwa na kidirisha kidogo kwenye ukuta, mgonjwa anainama ndo anaongea na mimi, natoa kadi, napokea shilingi mia tano ya kumwona daktari, na asiyekuwa nayo naandika kwenye daftari. Daftari kubwa lile la kaunta, jalada gumu. Jina, tarehe, anadaiwa nini. Aliyelipa amelipa, wengine walileta migebuka, wengine dumu la mawese, wengine muhogo mkavu, nilikuwa napiga hesabu napunguza deni.

Na msifikiri Dokta alikuwa tajiri anagawa. Alikuwa mtu wa Tanga, akasomea udaktari Dar, akapangiwa huku miaka ya sabini, akaja na treni ile ya reli ya kati siku mbili na ushee akiwa na sanduku moja, mwenyewe anasema alipanga kukaa miaka miwili tu afu aombe uhamisho. Vijana wa saivi hawajui kwamba kuna kipindi daktari nchi hii hakuruhusiwa kufungua zahanati yake ya biashara, sheria ya 1977 ilipiga marufuku, ikaja kulegezwa 1991. Yeye alifungua baada ya hapo kwa akiba na mkopo, na deni la mkopo lilikuwa linamkaba kweli, nilikuwa naona barua. 1993 hospitali za serikali nazo zikaanza kuchangisha wagonjwa kwahiyo miaka ile kotekote ulikuwa unaingia na hela mkononi. Kwahiyo lile daftari kwangu lilikuwa ndo roho ya zahanati, niliamini kabisa nikilegea pale dirishani tutafunga.

Ngoja niseme kwanza alivyokuwa anatibu manake hilo ndo watu wengi wanakosea wakimsimulia, wanasema alikuwa na mkono mwepesi, ana baraka, kama vile ilikuwa karama tu. Hapana, mzee alikuwa anafanya kazi. Akija mama na mtoto anakohoa, Dokta hagusi chochote, anamwambia mama kaa, mfungue nguo mtoto, asilie, mnyonyeshe, afu anavua saa yake ya mkononi anaiweka kwenye paja lake anaangalia kifua cha mtoto. Dakika nzima. Mshale wa sekunde unazunguka mzunguko mzima na mzee midomo inacheza anahesabu. Kulikuwa na watu nje wanalalamika foleni haisogei. Siku moja akaniita akasema hesabu na wewe. Nikahesabu nusu dakika nikataka nizidishe mara mbili, akanikatalia, mtoto hapumui kwa mahesabu, anaweza akapumzika akapumua tena, hesabu dakika yote. Mtoto wa miezi miwili mpaka mwaka akifika hamsini kwa dakika, au wa mwaka mpaka mitano akifika arobaini, hicho sio kikohozi cha kunywa asali na limao, hapo unafikiria nimonia. Hivi vitu mi nilivijua kwenye benchi lile kabla sijasoma darasa lolote.

Kingine ni hadubini. Umeme wa Kigoma wazee mnaujua, ulikuwa wa majenereta na ulikuwa wa kubahatisha, sasa hadubini yake ilikuwa ile ya kizamani yenye kioo chini, mzee anaisogeza dirishani anageuza kioo mpaka kinakamata jua, ndo anasoma damu. Siku nyingine mawingu yakija anasubiri, kidole kiko kwenye skurubu, anasubiri wingu lipite kama mvuvi anavyosubiri upepo utulie. Akanionyesha siku moja. Mwanzoni sikuona kitu zaidi ya ukungu wa zambarau, akanigeuzia skurubu taratibu, na mara paap, zikatokea chembe za damu za mviringo na ndani ya moja kuna kapete kadogo ka buluu kenye kitone chekundu, kama pete yenye kito. Akasema huyo ndo anayejaza makaburi yetu, muangalie vizuri. Ilikuwa kazuri kale kapete, hilo ndo lilinishangaza, nililala nakawaza.

Na kipindi kile klorokwini, ile dawa ya malaria, ilikuwa imeanza kushindwa. Mtu anameza dozi anamaliza, homa inarudi baada ya wiki, na kuwashwa juu, mnakumbuka ule muwasho mpaka mtu anajikuna na gunzi la mahindi. Serikali ilikuja kubadilisha 2001 tukaenda kwenye dawa nyingine ya malaria, SP, na dawa ya mseto ikaja mwishoni mwa 2006, ila Dokta toka mapema alikuwa hamwachii mtoto mwenye homa hivihivi, lazima amwambie mama kesho kutwa nirudishie huyu nimwone tena hata kama anacheza. Shida ni kwamba nani anarudi wakati anadaiwa?

Sasa nafika penyewe.

Ilikuwa masika ya 2000. Mvua imenyesha wiki nzima, benchi limejaa mpaka watu wamekaa chini ya mwembe kwenye majani mabichi. Akaja mama mmoja wa Gungu, nilimfahamu kwa sura, mgongoni mtoto wa miaka miwili hivi. Akainama kwenye kidirisha akanisalimia vizuri tu, "Mwakeye?" Nikatoa kadi, nikafungua daftari, nikaona deni la toka mwezi wa tisa mwaka uliopita, elfu tatu na mia tano. Na nikasema. Sikusema kwa kunong'ona, nilisema kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeongea kupitia tundu la ukutani, yaani sauti ya juu, "Mama una elfu tatu na mia tano hapa hujalipa hata senti, leo umekuja na kiasi gani?" Benchi lote likanyamaza. Naukumbuka ule ukimya mpaka leo naandika hapa. Yule mama hakujibu. Aliinua mgongo, akamrusha mtoto juu kidogo mgongoni vile wanavyofanya ili khanga ikae vizuri, akakaza fundo, akaondoka akipita upande wa nyuma ili asipite mbele ya watu. Nikaiweka kadi yake pembeni nikamwita mwingine.

Jioni Dokta alikuwa na tabia ya kuhesabu kadi. Kadi zilizotoka lazima zilingane na watu aliowaona. Akakuta moja imezidi. Akaniuliza huyu mbona hajaingia, nikamwambia ana deni dokta, kaondoka. Akauliza mtoto alikuwaje. Nikasema sijui, alikuwa mgongoni. Akauliza alikuwa analia? Nikafikiri, nikasema hapana, kimya. Mzee akavaa koti la mvua.

Akasoma kadi kutafuta anapokaa. Mwandiko ni wangu, mzuri, umenyooka. Nilikuwa nimeandika "Gungu". Basi. Gungu yote ile. Aliniangalia mara moja tu, hakusema neno, na nilijua anachokifikiria kwa sababu ndo swali la kwanza aliloniuliza siku naomba kazi, nikitaka kuja kwenu saa nane usiku nafikaje.

Tulitoka na baiskeli mbili na tochi moja. Matope mpaka kwenye mnyororo. Tunagonga mlango tunauliza, mama fulani mwenye mtoto wa miaka miwili, mume wake yuko ziwani, wanasema jaribu kule juu, tunaenda kule juu wanasema labda yule wa karibu na msikiti, tunarudi. Masaa yanaenda. Tumempata karibu na saa sita usiku na si kwake, kwa bibi yake mtoto, na ndani kuna moshi mtoto anafukizwa. Degedege. Walikuwa wanaamini, na wengi walikuwa wanaamini hivo, kwamba mtoto wa degedege akipigwa sindano anakufa kwahiyo kwanza atulizwe kienyeji. Dokta hakumgombeza mtu. Alisema shikamoo mama kwa yule bibi, akapiga magoti, akamlaza mtoto ubavu, akamulika kiganja. Akanivuta akanionyesha bila kusema, kiganja cha mtoto kilikuwa cheupe kama cha mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Damu imeisha. Akamwekea sukari chini ya ulimi kidogokidogo kwa kidole. Tukakimbia naye, jirani mwenye pikapu akaamshwa akakubali, zahanati tukapitia dripu ya kwinini, tukaenda hospitali ya mkoa kutafuta damu. Nilijitolea mkono wangu wakanipima.

Mtoto alifariki kabla ya adhana ya Alfajiri. Damu ilikuwa bado haijaanza kuingia.

Nilitegemea atanifukuza, na kwa kweli nilitaka anifukuze. Kurudi nyumbani alisukuma baiskeli, hakuipanda, na mi nikasukuma ya kwangu nyuma yake, kumepambazuka, wavuvi wa dagaa wanaingia mwaloni na karabai zao bado zinawaka. Tulivofika kwenye mwembe akasema, "Kaoge, saa saba tunaenda kuzika." Tukaenda wote. Alisimama na mimi pembeni, nikashika koleo kama wengine.

Kesho yake akaja fundi. Wakabomoa kidirisha. Dokta akaweka meza yangu pale varandani, kiti changu na kiti kingine mbele yangu, akasema kuanzia leo mtu akae ndo mzungumze, na ukiongea naye asisikie wa tatu. Afu akachukua lile daftari la madeni. Mi nilijua analichana. Hakulichana, karatasi ilikuwa ghali na yeye hakuwa mtu wa kuchezea vitu. Aligeuza daftari kichwa chini miguu juu, akafungua upande wa nyuma ambako kulikuwa kusafi, akapiga mistari kwa rula yeye mwenyewe, juu akaandika: Waliotakiwa kurudi. Safu ya kwanza jina, ya pili siku ya kurudi, ya tatu ilikuwa pana kuliko zote, na juu yake ameandika: Nafikaje.

Akanambia nimekuwa nikiwafukuza watu humu kwa miaka minane na sikujua. Hakusema umewafukuza. Alisema nimewafukuza. Hapo ndo nililia.

Toka siku ile kazi yangu ikabadilika kabisa. Asubuhi naandika kadi, na safu ya nafikaje naijaza mpaka mgonjwa anacheka, nauliza mlango umepakwa rangi gani, kuna mti gani, mbwa yupo. Jioni naangalia nani alitakiwa aje leo hajaja, napanda baiskeli. Katubuka, Gungu, Bangwe, Kibirizi, mpaka Ujiji. Nikifika sisemi hela. Nasema Dokta kanituma kuuliza hali. Wengi mtoto amepona anacheza na ndo maana hawakuja, nanywa maji nageuza. Ila kila baada ya siku kadhaa kulikuwa na mmoja ambaye kama nisingefika… basi.

Hela je? Watu waliokuwa nayo walilipa, na ajabu wengi walianza kulipa madeni ya zamani wenyewe bila kuulizwa, japo sio wote, na kuna miezi Dokta alikuwa ananiambia subiri mshahara mpaka treni ijayo. Mkopo alimaliza kwa kuuza kiwanja. Siwezi kusema ilikuwa nyepesi, mkewe nilimsikia mara mbili tatu akilalamika na alikuwa na haki, walikuwa na watoto shuleni.

Yule mama wa Gungu alikaa kama miaka miwili sijamwona. Afu siku moja asubuhi nainua kichwa yuko kwenye kiti mbele yangu, ana kichanga. Tulisalimiana. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka nikashindwa kufungua kalamu, akasubiri tu. Nikamuuliza jina la mtoto. Akanitajia lilelile la yule wa kwanza. Akaona sijaandika, akasema taratibu, "Andika." Nikaandika. Nikauliza na nafikaje kwenu, akanielekeza, japo njia naijua hata usiku.

Mzee alivyozeeka zahanati aliwaachia wengine ikabadilika ikawa kitu kingine. Ila 2015, ule mwezi wa tano ndugu zetu wa Burundi walivokimbia na kujaa pale Kagunga, na kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba inawaleta Kigoma safari baada ya safari wanapokelewa uwanja wa Lake Tanganyika, mji ukawa na hofu kubwa, watu majumbani wakaanza kuulizana nani ametoka wapi. Dokta alikuwa na miaka kama sabini hivi, goti linamsumbua, nikamkuta mtaani kwetu kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kazungukwa na kina mama, ana chupa ya maji ya lita moja, sukari, chumvi na kisu. Vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, kwenye lita moja ya maji safi, kwa ambaye hajapata paketi za dukani, aanze kunywa hukohuko nyumbani huku anapelekwa. Na kisu kilikuwa cha kusawazisha kijiko. Anachota, anapitisha mgongo wa kisu juu, ile ya ziada inarudi kwenye kopo. Mama mmoja akasema dokta si nikadirie tu, akamwambia chumvi ikizidi unamuumiza mtoto, hebu sawazisha nikuone. Akamrudisha mara tatu mpaka akapatia. Aliondoka pale kwenda mtaa wa pili na ndoo yake.

Mi saivi nina duka la dawa muhimu, nilisoma ile kozi baadaye, niko hukuhuku Mwanga. Sina dirisha lenye nondo la kuongelea, nina meza na viti viwili, watu wananishangaa kwamba nitaibiwa, na niliwahi kuibiwa kweli. Mtoto akija anakohoa namwambia mama kaa, nahesabu dakika nzima, akifika namba ile simuuzii kitu, nampeleka hospitali na wakati mwingine nafunga duka naenda naye. Dawa ya mseto namwambia mtu ameze na chakula chenye mafuta, mboga yenye mawese inatosha, inashika vizuri zaidi, hiyo nayo ni ya mzee.

Siku ya tatu ya msiba binti yake aliniita ndani akaniuliza kama nataka kitu chochote cha baba. Nikauliza daftari lipo? Lilikuwepo, kwenye sanduku lake lile alilokuja nalo na treni. Jalada limeliwa na mende pembeni. Nikafungua upande wa mbele nikatafuta ile elfu tatu na mia tano, ipo, mwandiko wangu umenyooka vilevile, haijafutwa.

Kurasa za nyuma zilikuwa zimebaki kama kumi na mbili tupu, naziandikia mimi. Leo kuna jina moja ambalo lilitakiwa lirudi jana, mtoto wa mwaka na nusu, homa. Katubuka, unapita kisima cha pampu, mlango wa kijani, kuna mpapai mmoja dume. Nafunga duka saa moja napitia.